Mizoga imepungua barabarani: wanyama wameizoea lami, au wameacha kuvuka?

SWALI: Mwanangu mtaalamu, salaam. Mimi ni mzee wa miaka 71, mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji chetu hapa Nanyumbu, kando ya barabara ya Masasi kwenda Tunduru. Lami ilipofika, miaka ya mwanzo tulikuwa tukikuta mizoga barabarani: nsya, pongo, ngiri, siku moja palahala dume, yule swala mkubwa wa pembe ndefu. Sasa msimu mzima unapita bila kuokota hata mmoja. Vijana wanasema wanyama wameshaizoea barabara. Mimi moyo wangu unakataa, ila sina hoja. Mahali pekee ambapo pori bado linashuka mpaka kwenye lami ni bondeni, karibu na daraja, na kuna wenzetu wameomba wapewe eneo hilo wapande mikorosho. Je, wanyama wamezoea au wamekwisha? Pia binti yangu ameolewa Liwale, wanaisubiri lami kwa hamu. Nimwambie nini? Sitaki kuipinga lami. Nimewahi kumsindikiza mjamzito kwenye tela la trekta wakati wa masika, najua shida yake.

JIBU:

Shikamoo mzee wangu. Nianzie hapo moyo wako ulipokataa, kwa sababu umeona sawasawa. Mizoga kupungua si habari njema peke yake. Inaweza kuwa na maana tatu: wanyama wamejifunza, wamekwisha, au wameacha kuvuka. Kwa maelezo uliyonipa, naweka uzito kwenye hiyo ya tatu, na nitakueleza sababu.

Kumbuka enzi za vumbi. Gari lilikuwa linasikika kutoka mbali, linakuja kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, likiruka mashimo. Pongo alikuwa anasimama kichakani, analiacha lipite, anavuka kwa nafasi yake. Lami ilipokuja, njia za wanyama hazikuhama. Waliendelea kupita palepale walipopita mama zao, ila sasa gari linakuja kwa kilomita 100 na halina kelele za mashimo. Ndiyo miaka yako ile ya mizoga. Baadaye mizoga ikapungua. Duniani kote watafiti wa barabara wameliona jambo hili: mauaji hupanda magari yanapoongezeka, yanafika kileleni, halafu yanashuka ingawa magari yanazidi. Yanashuka kwa sababu mnyama anafika ukingoni, anaona taa na kusikia mvumo usiokatika, anageuka kurudi alikotoka. Hapo barabara imekuwa ukuta bila tofali hata moja.

Lakini barabara yenu haina magari ya kiasi hicho, hasa usiku wa manane. Malori yapo, mabasi yapo, bodaboda zipo, lakini kuna nafasi ndefu za ukimya ambazo kundi la nyati lingeweza kupita lote. Kwa hiyo lami peke yake haitoshi kueleza ulichokiona. Nitarudi kwenye hilo, maana ndiko liliko jibu lenyewe.

Kwanza nimalizane na hoja ya vijana, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Mnyama huzoea kelele. Ukipita Mikumi, pale ambapo barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inakata hifadhi kwa takriban kilomita 50, utawaona swala pala wanakula nyasi hatua chache kutoka kwenye malori, wala hawainui shingo. Lakini kuzoea kelele si kujua kasi. Wanyama wengi wenye kwato wana umbali wao wa woga: adui akifika hapo, wanakimbia. Kwa simba kipimo hicho kinafaa sana, kwa gari hakifai. Lenye kwenda kilomita 50 kwa saa linampa swala muda fulani wa kuondoka, lenye kwenda 100 linampa nusu yake, na yeye anaanza kukimbia kwenye umbali uleule. Ndiyo maana Mikumi kuna matuta na vibao vya kupunguza mwendo, na bado swala pala na nyani hufa pale, maana wapo madereva wasioviheshimu.

Usiku hali ni mbaya zaidi. Dereva mwenye kwenda kilomita 100, kwenye lami kavu na breki nzima, anahitaji karibu mita 100 kutoka anapomwona mnyama mpaka gari lisimame, ukihesabu na ule muda wa mguu kufika kwenye breki. Akiwa amepunguza taa kwa sababu ya gari la mbele, anaona mita 50 au 60 tu. Maana yake atamgonga hata kama yu macho na hana kosa lingine ila mwendo. Akienda kilomita 50, mita 35 hadi 40 zinamtosha. Na huyo mnyama aliyemulikwa, macho yake yameumbwa kuvuna mwanga mdogo wa nyota. Ndani yake kuna utando unaorudisha mwanga, ndio unaoyafanya yang'ae. Taa kali ikimpiga haoni kitu, anaganda. Madereva husema "limejileta lenyewe". Halikujileta.

Jambo moja ambalo ningependa kila kondakta na dereva wa kusini alijue: jike akivuka, usiongeze mwendo. Ndama huwa nyuma. Pongo, kuro, palahala na tohe huwaficha watoto wao majanini siku za mwanzo, halafu huwatembeza nyuma yao. Nimewahi kumkuta ndama wa pongo amesimama ukingoni, mama amelala upande wa pili wa lami, na yule mdogo anapiga hatua mbili mbele, mbili nyuma. Hilo sijalisahau.

Sasa turudi kwenye ukuta. Tazama ramani ya kusini. Mto Ruvuma unatoka magharibi kwenda baharini, na barabara ya kutoka Mtwara kwenda Masasi, Mangaka, Tunduru, Songea hadi Mbamba Bay inakwenda sambamba nao, kaskazini yake. Ni zaidi ya kilomita 800 za lami, kutoka Bahari ya Hindi mpaka Ziwa Nyasa. Kaskazini ya mstari huo kuna Selous na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019. Kusini, ng'ambo ya Ruvuma, kuna hifadhi ya Niassa ya Msumbiji. Katikati kuna mapori madogo kama Msanjesi na Lukwika-Lumesule, na maeneo ya jumuiya za vijiji. Hakuna mnyama anayeweza kutoka Selous kwenda Niassa kwa miguu bila kukutana na barabara hii. Hakuna pa kuzungukia. Kwa hiyo sehemu chache ambazo bado wanavuka, ikiwemo bonde lenu, zina thamani kubwa kuliko zinavyoonekana mtu akipita ndani ya basi.

Na kwa nini wavuke? Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili au Mei. Masika maji yapo kila mahali, na wanyama hutawanyika hadi juu kwenye miombo. Kuanzia Julai vijito vinakauka kimoja kimoja, na wanaolazimika kunywa kila siku au kila baada ya siku mbili, kama nyati, kuro na palahala, wanashuka kufuata maji na majani mabichi ya mabonde. Nsya, swala mdogo wa vichakani, anaweza kukaa eneo moja dogo maisha yake yote, umande na majani vikamtosha. Pofu, swala mkubwa kuliko wote, hawezi kukaa eneo dogo hivyo. Ndiyo maana barabara hiyohiyo inamjeruhi kila mmoja kwa namna yake. Nsya inamuua mmojammoja, lakini kizazi chake kinaendelea pande zote mbili. Palahala inamkata maji na malisho, pofu inamkata malisho, na pori dogo upande mmoja haliwatoshi. Kundi lililofungiwa linazaliana lenyewe kwa lenyewe, ukame mmoja au ugonjwa mmoja unalimaliza, na hakuna wa kuja kulijaza. Pori linaweza kubaki kijani, kibao cha hifadhi kikabaki kimesimama, na ndani hamna kitu.

Kizuizi kinaweza kufanya nini, mfano tunao hapahapa. Twiga ni alama ya taifa letu, yupo upande wa kaskazini wa iliyokuwa Selous, lakini Rufiji ndio mpaka wake. Kusini ya mto huo hakuna twiga, si Liwale, si Nachingwea, si Nanyumbu. Mto huo umekuwepo tangu kale, na wanyama wamejipanga kuufuata. Lami yetu ina umri wa mtoto wa shule, na tayari tumeanza kuona mpaka mwingine unachorwa.

Sasa, kilichochora mpaka huo. Mzee, wewe umeiona barabara kabla na baada. Hebu hesabu kumbukumbu: wakati wa vumbi, kati ya kijiji chenu na kinachofuata kulikuwa na pori la urefu gani? Na leo? Ninavyofahamu vijiji vingi vya ukanda huo, lile pori limegeuka mstari wa nyumba, vibanda, magunia ya mkaa, mashamba ya ufuta na mikorosho. Lami inapandisha bei ya ardhi iliyo karibu nayo, kila mtu anataka shamba ambalo lori linaweza kulifikia, na hilo si kosa la mtu. Mashamba ya zamani ya mtama na mahindi yalikuwa yanahama: unalima miaka mitatu, unaliacha, vichaka vinarudi na wanyama wanarudi navyo. Mkorosho hauhami. Ukishapandwa unazaa miaka mingi baada ya aliyeupanda kuondoka. Chini yake panafyekwa pawe peupe, Juni mpaka Agosti mashine za kupulizia salfa zinanguruma tangu alfajiri, mbwa wapo, walinzi wapo. Palahala akifika hapo, kabla hajaiona lami, ameshageuka.

Wapo wasiogeuka. Nguruwe pori na pongo wanapenda mabibo, na msimu wa kuanguka mabibo wanaingia usiku kwenye mikorosho iliyo kando ya lami. Hao ndio wataendelea kugongwa. Mkiokota mzoga wa nguruwe pori mwezi Novemba msidhani njia imefunguka. Huyo alikuja kula, hakuwa safarini.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hili: wengine wamekwisha, wengi wa wakubwa wameacha kuvuka, na kilichowafunga zaidi ni upana wa watu na mashamba yaliyoifuata lami kuliko lami yenyewe. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu kuna matumaini ndani yake. Lami yenye upana wa mita 7 au 8 mnyama huivuka kwa miruko michache usiku. Kilomita mbili za mikorosho isiyokatika hazirukiki.

Nikupe mfano kutoka Botswana. Mwaka 1968 ulijengwa uzio mrefu wa kuzuia magonjwa ya mifugo, ukawakata punda milia waliokuwa wakihama kati ya bonde la Okavango na nyika za Makgadikgadi, safari ya zaidi ya kilomita 200. Uzio ule ulikaa miaka 36. Ulipoondolewa mwaka 2004, hapakuwa na punda milia hata mmoja aliyekuwa hai aliyewahi kuifanya safari ile, maana hawaishi muda huo. Haikupita miaka mingi, watafiti wakawakuta wanahama tena. Wengi husimulia habari hii kama muujiza wa kumbukumbu. Mimi huiona kwanza kama habari ya ardhi: njia iliwezekana kurudi kwa sababu kati ya pande mbili bado palikuwa pori. Hakuna aliyekuwa amejenga wala kupanda. Wangeukuta mji, wasingepita.

Na si kila mnyama hujifunza upesi namna hiyo. Kondoo pori wa milima ya Marekani waliohamishiwa kwenye maeneo mapya walichukua miongo ya miaka kujifunza kuhama kwa misimu, kwa sababu njia wanafundishana, mama kwa mwana. Palahala nao huongozwa na majike wakubwa. Jike kiongozi akigongwa, kundi linapoteza nyama ya mmoja na elimu ya wote.

Kabla sijafika kwenye la kufanya, kuna mambo mawili ya kando ya barabara ambayo watu hawayaoni. La kwanza ni mashimo ya moramu. Mkandarasi akichimba kifusi na kuondoka, shimo linajaa maji ya masika na kuyashika mpaka Agosti au Septemba, wakati vijito vimekauka. Siku moja nilikaa juu ya ukingo wa shimo la namna hiyo, Nachingwea, tangu saa 11 jioni. Lilikuwa hatua kama 80 kutoka kwenye lami. Alitangulia funo, peke yake, anainua mguu na kuushikilia hewani kabla ya kuuweka chini. Akafuata ngiri na watoto watatu, mikia juu. Jua lilipozama wakafika swala kama kumi na wawili, na kila lori lilipopita kichwa kimoja kiliinuka, hakikuwa kile kile mara mbili. Nikatazama udongo wa ukingoni: nyayo juu ya nyayo, na kati yake mitego miwili ya waya. Waya ule ni wa ndani ya tairi. Mtu anaokota tairi bovu kando ya barabara, analichoma, anabaki na nyaya. Shimo la barabara limewavuta wanyama, tairi la barabara limetengeneza kitanzi, pikipiki inapitisha nyama kwenye lami usiku. Hakuna hesabu ya mizoga ya ajali inayoonyesha hao.

La pili ni majani. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye lami yanayafanya majani ya ukingoni yachipue mapema na kukaa mabichi muda mrefu. Mwezi wa Oktoba, pori lote limeungua, ukingo wa barabara ndio una chipukizi. Wanyama wanakuja kula palepale ambapo watagongwa. Kufyeka ukingo kunamsaidia dereva kuona mbali, lakini kunaleta chipukizi mpya. Penye njia ya wanyama, wakati mzuri wa kufyeka ni mwisho wa masika, majani yakianza kukauka, ili yasichipue tena kwa wingi.

Sasa la kufanya. Msianze na hotuba, anzeni na fagio. Chagueni pale bondeni, pande zote mbili za daraja, mita kama 300 kila upande. Nje ya lami, kwenye udongo, fagieni ukanda wenye upana wa hatua mbili, mnyunyizie mchanga laini pale penye changarawe. Fagieni jioni, someni alfajiri saa 12 kabla bodaboda hazijaharibu. Wewe na wazee wenzako mnazijua kwato, hamhitaji mimi kuwafundisha ya nyati na ya ngiri. Ila angalieni na mwendo. Kwato zilizofungana, hatua fupi, huyo alitembea kwa amani. Kwato zilizotanuka kama vidole viwili vilivyoachana, na nyayo ndogo za nyuma ya mguu zimechoma udongo, huyo alikimbia. Na angalieni wale wanaofika wakageuka. Niliwahi kufuata nyayo za palahala zilizotoka porini zikaja mpaka ukingo wa lami, zikaenda sambamba na barabara hatua zaidi ya 200, zikasimama mara tatu, halafu zikarudi porini. Karatasi yenye siku 30 za nyayo za namna hiyo, tarehe, aina, wangapi walivuka na wangapi waligeuka, ni hoja nzito mbele ya mkutano wa kijiji, na hata mbele ya mhandisi.

Kisha hilo bonde. Nakuomba kwa heshima zote, mzee wangu, lisigawiwe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti katika ugawaji. Kama mna mpango wa matumizi bora ya ardhi, angalieni bonde limeandikwa nini. Kama haujasema, uandikeni. Kama hamna mpango, muombeni afisa ardhi wa wilaya awasaidie, na kwa wakati huohuo pitisheni sheria ndogo ya kulinda kingo za mto na pori linaloungana nazo. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za serikali zinazohusu shoroba na mapito ya wanyamapori, kwa hiyo jambo mnaloomba lina mahali pa kusimama kisheria. Jumuiya za hifadhi za vijiji, kama MAGINGO kule Liwale, zinaweza kuwa mwenzenu wa kushauriana.

Upana? Ukiniuliza mimi, mita 500 ni mwanzo, kilomita moja ni heshima. Ila nafasi hiyo isiishie kwenye lami. Lazima iendelee ndani pande zote mbili mpaka ikutane na pori kubwa, vinginevyo mtakuwa mmeacha mlango unaofunguka kwenye ukuta. Na wale wenzenu walioomba eneo wapewe jingine. Haifai mtu mmoja abebe gharama ya kijiji kizima.

Kuhusu mwendo, ombeni rasta, vile vituta vidogo vinavyotetemesha gari, na vibao kabla ya bonde pande zote mbili, kupitia wilaya, kwa wakala wa barabara. Rasta zinasikika usiku hata kwa dereva aliyesinzia. Matuta makubwa kwenye barabara kuu hayakubaliki kirahisi, msikwame hapo. Wala msiombe uzio. Uzio una faida pale tu unapomwongoza mnyama kwenye daraja au kivuko kilichojengwa kwa ajili yake. Banff, nchini Kanada, waliunganisha uzio na vivuko vya juu na vya chini ya barabara kuu, na ajali za wanyama zikapungua kwa zaidi ya asilimia 80. Uzio bila kivuko ni ule wa Botswana.

Na mnyama akigongwa, vijana wasikimbilie visu. Mnyamapori ni mali ya serikali hata akiwa amekufa barabarani, kukutwa na nyama yake bila kibali ni kosa. Apigiwe simu afisa wanyamapori wa wilaya au mtendaji wa kijiji, na ninyi muandike mahali na saa.

Kwa binti yako Liwale, mwambie aisubiri lami kwa furaha, na mumewe ahudhurie mikutano. Watu wa Liwale wamekatwa na matope vya kutosha, sitamshauri mtu yeyote akatae barabara. Lakini wao wana bahati ambayo ninyi hamkuipata kikamilifu: pori lao bado linafika barabarani sehemu nyingi, na wamepakana na Selous moja kwa moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa wa barabara ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wasikilizwe. Siku hiyo watu huuliza fidia ya nyumba na mikorosho, na wana haki. Aulize na mengine. Madaraja ya mitoni yarefushwe kidogo, pabaki ukingo mkavu chini yake pande zote mbili hata maji yakijaa, na kimo cha mita 4 hivi. Dume la palahala lenye pembe zinazopita mita 1 haliingii kwenye kalavati la bomba, na swala hataki shimo la giza, anataka kuona mwanga na majani upande wa pili. Tuta la barabara penye mapito liwe na mteremko wa taratibu, lisiwe ukuta wa udongo. Mashimo ya moramu yachimbwe mbali na mapito, na mkandarasi ayafukie au ayasawazishe kabla hajalipwa malipo ya mwisho. Kambi ya wafanyakazi isiwekwe mtoni. Kufanya haya kwenye michoro ni kazi ya kalamu. Kuyafanya baada ya lami kumwagwa ni kuvunja na kujenga upya, na fedha hiyo sijaiona ikitolewa.

Jambo la mwisho ni kuhusu muda, mzee wangu. Kazi ya fagio ianze Julai, majani yakishalala na kabla moto haujapita, maana majivu yanafuta kila kitu. Mkiendelea hadi mwisho wa Agosti mtakuwa na nyayo za miezi miwili, wakati wanyama wanashuka kufuata maji. Mkutano mkuu wa kijiji uitwe Septemba au Oktoba. Miche ya mikorosho hupandwa mvua zikishika, Desemba, na mche ukishaingia ardhini pale bondeni itakuwa kesi ya fidia. Mwenyekiti wenu aombwe mapema, na ile karatasi ya nyayo ibandikwe mahali watu wanapoisoma, ofisini kwa mtendaji na kwenye ghala la chama cha msingi, ambako msimu wa korosho kila mtu atapita.